Dobi Huanza kwa Kuuliza

"Hili la nini, mama?" Dobi anayeijua kazi yake hashiki sabuni kabla ya kuuliza hivyo. Kanzu imetoka harusini, kifuani pana doa la manjano, na mwenye nguo anachotaka kusikia ni itakuwa tayari lini. Swali linamchosha. Lakini jibu lake ndilo litakaloamua kama kanzu itapona au itaharibikia mikononi mwa fundi mwenyewe.

Damu ikimwagiwa maji ya moto, protini yake huiva kama ute wa yai na kung'ang'ania uzi. Inataka maji baridi, tena mapema. Kutu ikitiwa jiki huzidi kukolea. Dawa yake ya miaka yote ni limau na chumvi, kisha juani. Mafuta hayasikii maji matupu hata yasuguliwe mchana kutwa. Manjano ya mchuzi ndiyo yenye vituko: yakiguswa na sabuni ya magadi hugeuka mekundu ghafla, na asiyejua huona nguo imeshakufa, akaongeza dawa kali na kuiua kweli. Anayejua husuuza, akaianika, akaliachia jua limalizie, maana rangi ya manjano haistahimili jua kali.

Kuna madoa ambayo fundi huyakiri mapema. Watu wa Mtwara na Lindi hawaendi kuokota korosho na nguo ya kutokea, kwa sababu maji ya mabibo yakikauka kwenye kitambaa huacha rangi ya kahawia isiyobembelezeka. Utomvu wa mgomba nao ni wa ukoo huohuo wa ukaidi. Hapo dobi mwaminifu hurudisha nguo na ushauri wa kuipeleka ikatiwe rangi nzito zaidi. Kusema "hili halitoki" ni sehemu ya ufundi pia, na pengine ndiyo sehemu inayomgharimu zaidi, kwani mteja anaweza kwenda kwa jirani anayeahidi makubwa.

Jina la kazi hii lilivuka bahari kutoka India, na huko lina historia chungu. Ufuaji ulikuwa urithi wa tabaka, baba kwa mwana, na katika sehemu nyingi waliozaliwa humo walihesabiwa najisi kwa sababu tu walishika uchafu wa wenzao. Waliowapelekea nguo chafu walivaa zikiwa zinang'aa na kubaki na heshima zao. Waliozing'arisha ndio waliobaki na doa. Ni vigumu kupata dhuluma iliyopangwa kwa ustadi zaidi ya hiyo.

Magazeti ya Kiswahili, bila kumshukuru dobi, yameazima karibu beseni lake lote. Kura za maoni zikikaribia, wagombea "wanachafuana". Mmoja anapakwa matope, anaita waandishi wa habari "kujisafisha", na baada ya miezi tume "inamsafisha". Vitenzi vimechukuliwa, swali limeachwa dukani. Uzushi wa jirani, wizi wa fedha za umma na ulevi wa ujanani vyote huandikwa "doa", kisha vyote humwagiwa dawa moja, nayo ni tamko kali la siku ileile. Mtu aliyezushiwa hufoka, na mtu aliyeiba hufoka vilevile, hata msomaji asijue nani ni nani. Wenye uwezo huongeza buluu. Dobi huitumia buluu kwenye shuka nyeupe zilizochakaa, naye hamfichi mteja kwamba haiondoi umanjano hata kidogo: huukabili kwa rangi nyingine, jicho likadhani limeona weupe. Msemaji wa kigogo hufanya kazi hiyohiyo, ila yeye huiita kusafisha.

Mwendo huo wa maneno umefika pabaya zaidi nchini Kenya. Tangu mapigano ya kikabila ya miaka ya 1990 katika Bonde la Ufa, "madoadoa" limekuwa jina la fumbo kwa majirani waliotoka jamii nyingine. Mtu mzima na watoto wake wakawa kitu cha kufuliwa. Januari 2022, seneta wa Meru wa wakati huo alilitamka kwenye mkutano wa hadhara mjini Eldoret, akakamatwa. Miezi michache baadaye, kabla ya uchaguzi mkuu, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiweka kwenye orodha ya maneno ya chuki. Neno la watoto wanaosimulia habari za chui na kanga likahitaji kulindwa na sheria.

Na dobi hafuti tu; huweka alama pia, la sivyo shati la mwalimu lingerudi kwa mpishi. Nchini India alama hiyo iliandikwa kwa utomvu wa kokwa iitwayo bhilawa, uliochanganywa na chokaa ili ushike daima. Mbhilawa ni wa familia moja na mkorosho na mwembe, na utomvu wake huunguza ngozi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, madaktari wa jeshi la Marekani waliokuwa India waliona askari wenye malengelenge mahali palepale nguo zao zilipoandikwa. Alama ndogo shingoni mwa shati, isiyoonekana na mtu, ikampata mwenye shati.

Doa jingine hutafutwa kwa foleni. Wino wa kura una nitrati ya fedha, ambayo kwenye ngozi huwa nyeusi ikipigwa na mwanga. India iliuanza katika uchaguzi wa 1962, na Kenya huutumia pia. Siku ya uchaguzi kidole kisicho na doa ndicho kinachoulizwa kilikuwa wapi. Wapo wanaojaribu limau, jiki, hata petroli ili warudi kupiga kura ya pili, na hapo dobi hawezi kuwasaidia. Ngozi hujivua yenyewe baada ya siku kadhaa. Kwenye ukucha, wino husubiri wiki nyingi mpaka ukucha ukue na kukatwa.