Vitshumbi au Vichumbi? Tahajia na Huduma za Ramani katika Maktaba za Vyuo Vikuu

Makala haya mafupi yanahakiki jambo ambalo wanaisimu wa Kiswahili wamewaachia wanajiografia kwa muda mrefu: majina ya mahali katika ramani zinazohifadhiwa na maktaba za vyuo vikuu. Mfano wetu ni Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kilichoko ufukweni, kusini mwa Ziwa Edward, zaidi ya kilomita 100 kaskazini mwa Goma, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga.

Msomaji wa Kiswahili akiyaona maandishi hayo, swali lake la kwanza ni: hiyo "tsh" yatoka wapi? Yatoka kwa Wabelgiji. Katika Kifaransa herufi "ch" husomwa kama "sh" yetu, kwa hiyo karani wa kikoloni alilazimika kutanguliza "t" ili sauti itoke sawasawa. Ndivyo tulivyopata Vitshumbi, Rutshuru na Tshikapa. Ng'ambo ya mpaka, katika Uganda iliyotawaliwa na Waingereza, jina la Kichwamba liliandikwa kwa "ch" pasipo taabu. Ziwa ni moja, tahajia ni mbili. Zaidi ya hayo, katika maandiko mbalimbali kijiji chetu huitwa pia Vitchumbi na Vichumbi.

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Katika faharasa ya alfabeti, Vichumbi na Vitshumbi hutenganishwa na majina mengi. Katika kompyuta hali huwa mbaya zaidi, kwani mashine isiyofundishwa kwamba majina hayo ni ya mahali pamoja hujibu tu kuwa hakuna kitu. Mwanafunzi aliyezoea Kiswahili sanifu huondoka akiamini kwamba ramani haipo, kumbe ipo kabatini.

Ziwa lenyewe lina matatizo yake. Wenyeji waliliita Rutanzige. Stanley alilipa jina la mwana wa malkia wa Uingereza mwaka 1889. Mwaka 1973 likaitwa Idi Amin Dada, jina lililoachwa baada ya Amin kuangushwa mwaka 1979. Ramani iliyochapwa katika miaka hiyo sita haina kosa, ila katalogi isiyounganisha majina hayo ina kosa.

Hatukatai kwamba mengi mema yamefanyika. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Texas, Austin, imeziweka katika intaneti ramani nyingi za mkusanyo wake wa Perry-Castañeda, na nyingi kati ya hizo hazifungwi na hakimiliki. Kwa mtafiti aliye Goma, asiye na nauli ya kwenda Tervuren kuzitazama karatasi za Wabelgiji, hiyo ni neema. Lakini kwa skeli ya 1:1,000,000, milimita moja ni kilomita nzima, na Vitshumbi huwa nukta tu. (Nukta yenye maelfu ya watu, tukumbuke.)

Na nukta hiyo ina uzito wa kisheria. Upande wa Kongo, Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma ndizo kambi za uvuvi zinazotambuliwa kisheria. Makazi mengine ya wavuvi ufukweni huhesabiwa kuwa haramu. Mabishano juu ya mahali kijiji kinapokoma na hifadhi inapoanzia huamuliwa kwa karatasi. Asiyeweza kuipata karatasi hiyo kwa jina analolitumia nyumbani huingia barazani mikono mitupu.

Kwa maoni yetu, dawa haihitaji fedha nyingi. Latitudo na longitudo hazibadiliki kwa tahajia. Basi kila rekodi ishikiliwe kwa nukta hiyo, na chini yake yaorodheshwe majina yote, pamoja na lugha na mwaka wa kila moja. Mkutubi hawezi kuifanya kazi hiyo peke yake. Idara za Kiswahili zina wanafunzi wanaotoka Rutshuru, Butembo na Goma, na kila mwaka huwatuma kukusanya methali na vitendawili. Majina ya magati na mitaa ya Vitshumbi, kama yanavyotamkwa na wavuvi wenyewe, hawajatumwa kuyakusanya.