Nani Aligundua Nani? Uhakiki wa Masimulizi juu ya Wapiga Gitaa wa Kusini mwa Marekani

Masimulizi ya maisha ya wasanii ni utanzu wenye kanuni zake. Anayesoma vitabu na majalada ya santuri yanayohusu wapiga gitaa weusi wa Kusini mwa Marekani hukutana mara kwa mara na kitenzi kimoja: msanii "aligunduliwa". Kisarufi, kiambishi a- cha neno hilo ni kiima cha sentensi. Kimaana, mwenye kiambishi hicho hatendi lolote, bali hutendwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mifano mitatu, kwamba kauli hiyo ya kutendwa si jambo la mtindo tu. Huamua nani atasifiwa kwa kazi na, wakati mwingine, nani atalipwa.

Mfano wa kwanza ni Robert Johnson, aliyezaliwa Hazlehurst, katika jimbo la Mississippi, mwaka 1911, na kufariki karibu na Greenwood mwaka 1938. Nyimbo 29 alizoziacha zilinaswa katika safari mbili tu: San Antonio mnamo Novemba 1936, na Dallas mnamo Juni 1937. Mpiga gitaa Son House alisimulia kwamba alimfahamu Johnson akiwa kijana asiyejua kupiga. Kijana huyo akatoweka kwa muda, kisha akarudi akiwa fundi. Juu ya pengo hilo pamejengwa hekaya inayojulikana duniani kote: Johnson alikutana na shetani usiku penye njia panda, akamwuzia roho yake, akapewa ufundi kwa malipo. Hekaya hiyohiyo imesimuliwa na LeDell Johnson juu ya ndugu yake Tommy, mpiga gitaa mwingine. Jina la ukoo linalofanana limerahisisha kuihamisha.

Pengo lenyewe lina maelezo ya kawaida zaidi. Katika kipindi hicho Johnson alirudi eneo la Hazlehurst, akajifunza kwa Ike Zimmerman, mpiga gitaa aliyemzidi umri. Kwa ushuhuda wa jamaa ya Zimmerman, wawili hao walikuwa wakifanyia mazoezi makaburini usiku, kwa sababu palikuwa kimya na hapakuwa na mtu wa kusumbuliwa. Hekaya inapomleta shetani, humwondoa mwalimu. Huondoa pia mazoezi, na pamoja nayo kazi ya akili inayosikika katika santuri zenyewe: namna Johnson alivyohamishia kwenye nyuzi nene za gitaa mwendo wa mkono wa kushoto wa wapiga piano, huku akijibu sauti yake mwenyewe kwa nyuzi nyembamba.

Wapo watakaosema kwamba Johnson mwenyewe aliimba juu ya shetani. Ni kweli, anatajwa katika baadhi ya nyimbo zake. Lakini wimbo unaotolewa kama ushahidi mkuu, "Cross Road Blues", haumtaji kabisa. Msemaji wa wimbo huo anapiga magoti na kumwomba Mungu rehema, anajaribu kusimamisha magari, nayo yanampita, jua linazama. Kwa mtu mweusi wa Mississippi ya miaka ya 1930, kukutwa na giza barabarani akiwa peke yake kulikuwa na hatari isiyohitaji mapepo ili ieleweke. Mhakiki anayeusoma wimbo huo kama mkataba wa kuuza roho ameusoma kwa jicho la hekaya, si kwa jicho la matini.

Mfano wa pili ni Mississippi John Hurt. Mkulima huyu wa Avalon alinaswa sauti na kampuni ya Okeh mwaka 1928, mjini Memphis na kisha New York. Santuri hizo hazikuuzwa sana, mdororo mkuu wa uchumi ukafuata, naye akarudi shambani. Mwaka 1963 Tom Hoskins, kijana mpenzi wa muziki huo, alifuata jina la kijiji lililotajwa katika "Avalon Blues", akamkuta Hurt kwao. Mwaka huohuo Hurt alipiga katika tamasha la Newport, akaendelea kurekodi hadi kifo chake mwaka 1966. Maandishi mengi huyaita matukio hayo "kugunduliwa upya". Hata hivyo, hakuna jirani wa Avalon aliyemgundua Hurt, kwa kuwa hakuna jirani aliyempoteza. Upigaji wake, ambao kidole gumba hushika besi kwa mwendo usioyumba na vidole vingine hucheza na melodia kabla au baada ya pigo, ulikuwa umeishi miaka yote hiyo miongoni mwa watu waliomzoea. Kilichotokea mwaka 1963 ni kwamba soko lilifika mahali ambapo muziki ulikuwapo tayari.

Mfano wa tatu unaonyesha gharama ya jambo hili kwa uwazi zaidi. Elizabeth Cotten alizaliwa karibu na Chapel Hill, katika jimbo la Carolina ya Kaskazini, miaka ya 1890. Akiwa bado mtoto alifanya kazi za nyumbani kwa watu, akaweka akiba, akanunua gitaa kwa dola 3 na senti 75. Alikuwa wa mashoto, na gitaa lilikuwa limepangwa kwa mkono wa kulia. Aliligeuza bila kubadili mpangilio wa nyuzi, hivyo nyuzi nene zikawa chini na nyembamba zikawa juu. Kidole gumba, ambacho kwa wapiga wengi hushika besi, kwake kilipiga melodia. Besi ikaachiwa kidole cha shahada. Hakuna aliyemfundisha mpangilio huo. Ni uvumbuzi wake kwa maana kamili ya neno.

Cotten aliliacha gitaa kwa miaka mingi, baada ya watu wa kanisa lake kumwambia aachane na nyimbo za kidunia. Alilirudia alipokuwa mtumishi wa nyumbani mjini Washington, katika familia ya Seeger, ambayo ilikuwa familia ya wanamuziki. "Freight Train", wimbo wa treni ya mizigo alioutunga utotoni, ulipelekwa Uingereza na Peggy Seeger. Huko watu wengine waliuandikisha kuwa utungo wao, na mwaka 1957 santuri ya kikundi cha Chas McDevitt pamoja na Nancy Whiskey ikaingia miongoni mwa nyimbo tano za juu nchini humo. Jina la Cotten lilitambuliwa baadaye tu, baada ya familia ya Seeger kuingilia kati. Santuri yake ya kwanza, iliyorekodiwa na Mike Seeger, ilitoka mwaka 1958, yeye akiwa amepita umri wa miaka 60. Alipata tuzo ya Grammy mwaka 1985, akafariki mwaka 1987. Masimulizi yanayomwita "mtumishi aliyegunduliwa" yanarudia, bila kukusudia, kosa la wale walioandikisha wimbo wake: mtunzi anakuwa kitu kilichookotwa, na kilichookotwa huwa mali ya mwokotaji.

Haki itendeke kwa pande zote. Bila Hoskins na bila Mike Seeger, sehemu kubwa ya muziki huu isingefika masikioni mwa vizazi vya leo. Kazi yao ina vitenzi vyake vya kweli: walitafuta, walirekodi, walihifadhi, walitetea. Vitenzi hivyo vinawatosha, wala havimnyang'anyi mpiga gitaa chake.

Jambo hili linawahusu pia wanaoandika kwa Kiswahili. Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Katanga aliyeimba kwa lugha hii, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, na "Masanga" ikapata sifa mbali na kwao. Juu yake pia husemwa kwamba "aligunduliwa". Sarufi ya Kiswahili inampa mwandishi uwezo wa kusema vingine: alijifunza, alifunzwa na fulani, alitunga, alirekodiwa mwaka fulani na mtu fulani. Atakayeandika maisha ya wapiga gitaa wa Katanga na aanze na maswali ambayo waandishi wa Marekani walichelewa kuyauliza: msanii huyu alijifunza kwa nani, nani walimsikiliza kabla mgeni hajafika na mtambo wake, na kwa kila wimbo alilipwa kiasi gani.