Jinsi Haile Gerima alivyoisambaza Sankofa mwenyewe

Februari 1993 filamu ya Sankofa iliingia kwenye mashindano rasmi ya tamasha la Berlin, ikigombea Dubu wa Dhahabu. Filamu ikifika hapo, kwa kawaida wasambazaji huanza kuitafuta wenyewe. Safari hii hawakuja. Haile Gerima, Mwethiopia mzaliwa wa Gondar aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington tangu 1975, alirudi Marekani bila kampuni hata moja iliyokubali kuipeleka filamu yake kwenye majumba ya sinema. Simulizi yenyewe ni ya mwanamitindo Mwafrika wa Marekani anayepigwa picha kwenye ngome ya watumwa ya Cape Coast, Ghana, kisha akajikuta amerudishwa nyuma hadi kwenye shamba la miwa, akiwa mtumwa kati ya watumwa wanaopanga uasi. Hakuna Mzungu mwema anayekuja kuwaokoa. Kampuni kubwa hazikuona soko.

Hata hivyo, kufikia 1995 Sankofa ilikuwa imeonyeshwa Washington, New York, Los Angeles na miji mingine mingi, na mapato ya mlangoni yalikuwa yamepita dola milioni 2, kwa filamu iliyogharimu kama milioni 1. Wengi husimulia jambo hili kama hadithi ya ushujaa. Ushujaa ulikuwepo, lakini kazi iliyofanyika ilikuwa ya hesabu na mpangilio, na yeyote anayetengeneza filamu kwa Kiswahili leo anaweza kuifuata hatua kwa hatua.

Tuanze na fedha za utayarishaji, maana usambazaji wa filamu huanza kuamuliwa hapo. Gerima alizikusanya kwa miaka, kidogo hapa na kidogo pale: televisheni za NDR na WDR za Ujerumani, Channel 4 ya Uingereza, pamoja na ushirikiano wa Ghana na Burkina Faso. Njia hii inachosha, lakini ina faida moja kubwa. Televisheni inayochangia filamu kwa kawaida hupata haki ya kuirusha nchini kwake. Haichukui dunia nzima. Kwa hiyo filamu ilipokamilika, soko la Marekani lilikuwa bado mikononi mwa Gerima. Angekuwa amepokea hundi moja kubwa kutoka studio moja, asingekuwa na cha kusambaza.

Pili, kampuni ya usambazaji haikuundwa baada ya kukataliwa. Mypheduh Films ilianzishwa 1982, miaka kumi na moja kabla ya Berlin, Gerima akiwa pamoja na mkewe Shirikiana Aina, ambaye naye ni mtengenezaji filamu na alikuwa mtayarishaji mwenza wa Sankofa. Kazi ya kampuni hiyo ilikuwa kuzipeleka filamu zao na za wenzao kwa watu ambao majumba ya sinema hayakuwajali. Hiyo maana yake ni barua, simu, na kukumbuka nani alipokea filamu gani, wapi, na watu wangapi walikuja. Mtaji wa Sankofa ulikuwa humo.

Sasa tuje kwenye ukumbi. Katika mfumo wa kawaida, jumba la sinema na msambazaji hugawana mapato ya mlangoni. Jumba hubaki na karibu nusu. Msambazaji hukata ada yake, mara nyingi asilimia 30 hivi ya kilichomfikia, kisha hujirudishia gharama za matangazo na nakala. Mtayarishaji hulipwa mwisho, kama kimebaki kitu, na huenda mwaka ukawa umepita. Gerima alifanya kinyume: alikodi ukumbi kwa kiasi kilichojulikana, na kila dola iliyoingia mlangoni ikawa yake.

Nitoe mfano, na hesabu hizi ni za kwangu, si za Mypheduh. Ukumbi wa viti 300 unakodishwa kwa dola 6,000 kwa wiki, na kiingilio ni dola 6. Watazamaji 1,000 wanamaliza kodi. Ukumbi ukionyesha mara tatu kwa siku una nafasi 6,300 kwa wiki, kwa hiyo inatosha kujaza chini ya moja ya sita ya viti, na kuanzia mtu wa 1,001 kila kiingilio ni chako. Katika mfumo wa kawaida dola hizo 6,000 za kwanza zingekuachia kama 2,100, kabla hata hujakatwa gharama za matangazo. Sasa geuza upande wa pili. Wakija watu 400 tu, umekusanya 2,400 na umepoteza 3,600, na bango hujalilipia. Mwenye jumba hana hasara yoyote, kodi yake ameshaiweka mfukoni. Ndiyo sababu kukodi kumbi kunaweza kumfilisi mtu.

Kwa hiyo swali la kiufundi ni hili: alipataje uhakika wa watu 1,000 kabla ya kulipa kodi?

Jibu ni kwamba watazamaji walitafutwa kabla ya ukumbi. Viongozi wa jamii walionyeshwa filamu mapema. Makanisa, vyama vya wanafunzi, wauza vitabu, vituo vya redio na magazeti ya Waafrika wa Marekani waliingia kazini, na kila mji mpya ulikuwa na wenyeji wake waliojitolea kuandaa mapokezi, wakijua ni kanisa gani lina basi na ni redio gani inasikilizwa asubuhi. Kikundi kilichokuja wiki ya kwanza kilileta kingine wiki ya pili. Studio hununua tangazo la televisheni la nchi nzima na kufungua filamu katika majumba mamia siku moja. Mtu mwenye nakala chache hawezi, na asijaribu.

Nakala zenyewe ziliamua mwendo. Sankofa ina dakika 125 hivi. Mkanda wa milimita 35 hupita kwenye projekta kwa futi 90 kila dakika, kwa hiyo nakala moja ni zaidi ya futi 11,000, sawa na magurudumu sita makubwa ndani ya makasha ya chuma. Kila nakala ililipiwa maabara, kila kasha lililipiwa usafiri, na mkanda ukikwaruzwa Baltimore mikwaruzo hiyo ilionekana hadi Chicago. Mwenye mtaji mdogo hufungua mji mmoja, hukusanya, kisha huhamishia nakala na fedha mji unaofuata. Huo ndio uliokuwa mwendo wa Sankofa kati ya 1993 na 1995. Washington ililipia safari ya mbele.

Mwendo huo ulimpa pia kitu ambacho filamu ndogo hunyimwa: muda. Jumba la kawaida huitoa filamu iliyoanza vibaya wikiendi ya kwanza, kabla sifa zake hazijawafikia watu. Aliyekodi ukumbi mwenyewe anaweza kuvumilia, na kwa filamu inayotegemea sifa ya mdomo, wiki ya tatu ina thamani kuliko ya kwanza. Mjini Washington Sankofa ilikaa wiki baada ya wiki. Kwangu mimi hapa ndipo ubora wa mpango wote ulipo, kuliko hata katika kukwepa makato ya msambazaji.

Mapato hayakuliwa yote. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Gerima na Shirikiana Aina walifungua Sankofa, duka la vitabu na video lililopo Georgia Avenue, karibu na lango la Howard. Mtu aliyeiona filamu ukumbini alinunua kanda ya video hapo, akanunua na kitabu, akasikia maonyesho yajayo ni lini.

Mpango huu una gharama, na mtu anayeusifu bila kuitaja anawadanganya vijana. Baada ya Sankofa, filamu ya hadithi iliyofuata ya Gerima, Teza, ilitoka 2008, miaka 15 baadaye. Ilipata Tuzo Maalumu ya majaji na tuzo ya mswada bora katika tamasha la Venice, kisha Farasi wa Dhahabu wa Yennenga katika tamasha la FESPACO mwaka 2009. Katikati kulikuwa na filamu za hali halisi, ikiwemo Adwa ya 1999. Lakini mwongozaji wa kiwango hicho kukaa miaka 15 bila filamu ya hadithi ni hasara kwetu sote. Kusaka fedha kulichangia sana, na siku inayotumika kupigia simu makanisa si siku ya kuandika mswada. Anayetaka kufuata njia hii atafute mwenzake wa kushika usambazaji tangu siku ya kwanza.

Kilicholipa zaidi ni umiliki. Mwaka 2021 Sankofa ilisafishwa upya kwa ubora wa 4K, ikatolewa tena na ARRAY, kampuni ya mwongozaji Ava DuVernay, na kuingia Netflix Septemba ya mwaka huo, miaka 28 baada ya Berlin. Wenye haki walikuwa wanajulikana na waliweza kukaa mezani.

Hapa kwetu, miaka ya 2000, watayarishaji wengi wa Dar es Salaam waliuza masta kwa wasambazaji wa Kariakoo kwa malipo ya mara moja, haki zote zikaondoka nazo. Siwalaumu, kodi ya nyumba haisubiri. Lakini leo filamu hizo zikitafutwa na televisheni au jukwaa la mtandaoni, waigizaji na waongozaji wake hawana wanachodai. Hatuna Howard wala makanisa ya Washington, lakini tuna shule, vyuo, vikundi vya akina mama, misikiti na makanisa, na simu zenye WhatsApp ambazo Gerima hakuwa nazo.

Ndugu mtayarishaji, ukiletewa mkataba, kabla ya kuangalia kiasi cha fedha soma kipengele cha muda na kipengele cha nchi. Kikisema milele na duniani kote, rudisha karatasi, omba miaka mitano na nchi zitajwe kwa majina.