Sashe Juu ya Kokoto: Somo la Madurai kwa Barabara ya Nyangwe

Adui wa lami ni maji. Yakipenya kati ya lami na kokoto, jiwe hubaki uchi. Gari likipita, jiwe linang'oka, na shimo limezaliwa.

Mwaka 2002, huko Madurai kusini mwa India, mkemia Rajagopalan Vasudevan wa Chuo cha Uhandisi cha Thiagarajar alilikabili tatizo hilo kwa takataka. Wengi hudhani aliyeyusha plastiki ndani ya pipa la lami. Sivyo, alianza na jiwe.

Sashe za plastiki huoshwa, hukaushwa, kisha hukatwa vipande vya milimita chache. Kokoto hupashwa moto hadi nyuzi 160 au 170. Vipande vikimwagwa juu yake huku ikizungushwa, huyeyuka mara moja, na kila jiwe hutoka liking'aa kama limepakwa mawese. Hapo ndipo lami humiminwa. Plastiki na lami zote ni uzao wa mafuta ya petroli, kwa hiyo hushikana vizuri, na vitundu vya jiwe vimekwisha kuzibwa.

Kuchambua takataka ni lazima. Chupa za maji haziyeyuki kwa moto huo, na plastiki ya mabomba, yaani PVC, ikipata joto hutoa gesi yenye sumu. Zinazofaa ni sashe nyembamba.

Je, Nyangwe, mji wa soko kando ya mto Lualaba tangu karne ya 19, yaweza kufanya vivyo hivyo? Kilomita moja yenye upana wa mita 3.75 hutumia takriban tani 10 za lami. Plastiki tani 1 huokoa tani 1 ya lami hiyo. Kwa sashe za gramu 5, hizo ni sashe 200,000! Hata agizo la serikali ya India la 2015 la kutumia plastiki barabarani lililenga barabara za karibu na miji ya watu zaidi ya 500,000. Nyangwe na mji wa Kasongo zingelazimika kukusanya pamoja, na tani 9 zilizobaki bado zinunuliwe na kusafirishwa kutoka mbali.

Tena plastiki hulinda ngozi ya barabara, haiungi mfupa. Udongo mwekundu usioshindiliwa, usio na mitaro, utazama na lami yake, iwe na sashe au isiwe nayo. Kwa hiyo jembe la mtaro litangulie. Maji yakishapata njia yake, sashe za sokoni nazo zitapata kazi.