Kusoma Kilichokosekana

Kiangazi kikikolea, ukiwa Kamenge, mtaa wa Bujumbura, unaweza kukaa siku nzima usiione milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Moshi wa nyika zinazochomwa, vumbi na makaa ya jikoni vimeifunika. Uchafu huo hata mtoto anauona. Mimi nawahusudu wanaopima gesi zisizo na rangi, kilomita ishirini juu ya vichwa vyetu, nao wenyewe wako chini.

Bujumbura imewahi kuonja ufundi unaokaribiana na huo. Mwishoni mwa 2013 taasisi ya Ubelgiji, BIRA-IASB, iliweka kwenye Chuo Kikuu cha Burundi chombo cha kusoma mwanga uliotawanyika angani. Hicho kilishughulika na hewa ya chini: naitrojeni dioksidi, fomaldehidi, chembe za moshi. Chombo cha infraredi cha taasisi hiyohiyo kiko Maïdo, kisiwani Réunion, na chenyewe hulitazama jua uso kwa uso.

Kila molekuli hutikisika kwa namna yake, na katika mwanga wa jua hunywa mawimbi yake tu. Mwanga ukifika chini una mapengo. Fundi husoma kilichokosekana.

Lakini atajuaje gesi iko juu kiasi gani? Kwa upana wa pengo. Karibu na ardhi hewa imesongamana, molekuli zinagongana, pengo linatanuka. Kwenye stratosfia kanieneo ni ndogo, pengo linabaki jembamba kama uzi. Yote mawili hufika yamelaliana, naye huyatenganisha kwa hesabu. Hapati picha ya kila kilomita, hupata matabaka machache manene, na fundi mwaminifu hasemi zaidi ya hapo.

Uaminifu huo ulijaribiwa. Itifaki ya Montreal ya 1987 ilibana gesi za majokofu zinazoila ozoni, na hidrojeni kloridi, zao lake huko juu, ikaanza kupungua. Kisha, kuanzia 2007, ikapanda tena katika nusu ya kaskazini ya dunia. Ilikuwa rahisi kupiga kelele kwamba kuna nchi inadanganya. Emmanuel Mahieu wa Chuo Kikuu cha Liège na wenzake walirudi kwenye mapengo yao, na 2014 wakaonyesha sababu: hewa inayopandia huku kwetu tropiki na kusambaa kuelekea ncha za dunia ilikuwa imepunguza mwendo kwa muda, upande wa kaskazini, hivyo gesi za majokofu zikapata muda zaidi wa kugeuka hidrojeni kloridi.