Pindua Tablo Kwanza

Mnunuzi mgeni hapa Lubumbashi hajifichi. Akiletewa tablo, anarudi nyuma hatua tatu, anakunja mikono na kutazama. Mzoefu anaomba ruhusa, anaishika kwa kingo na kuipindua. Uso wa picha umetengenezwa ili umpendeze kila apitaye. Mgongo haukutengenezwa kumpendeza yeyote. Kwa hiyo tuanze na mgongo.

Mgongo

Igonge nguo katikati kwa kidole, polepole. Iliyovutwa vizuri hulia kama ngoma ndogo, iliyolegea hunyamaza. Kisha angalia pembe za fremu. Mbao mbichi hazivumilii majira yetu: kiangazi huzikausha, mvua za Novemba huzivimbisha, na fremu iliyokuwa mraba hupinda na kuikunja picha.

Halafu tafuta madoa ya mafuta yaliyopenya hadi nyuma. Mafuta ya kitani, yanayochanganywa na rangi, hayakauki kama maji yanavyokauka; hukauka kwa kuvuta oksijeni. Yakigusa nyuzi tupu, huzila taratibu mpaka nguo ikatike kama gazeti la zamani. Ndiyo maana fundi hupaka gundi kwanza, kisha rangi ya msingi, ndipo achore.

Usidharau gunia la unga. Katika miaka ya 1970, Tshibumba Kanda-Matulu aliichora mjini humu historia ya nchi, picha zipatazo 100, juu ya nguo za namna hiyo. Nguo ya bei ndogo iliyoandaliwa vema huishi kuliko turubai ghali lililopakwa rangi bila kuandaliwa.

Ngozi

Sasa igeuze, uiweke karibu na dirisha ili mwanga uipite kwa ubavu. Nyufa zitajionyesha. Kanuni ya wachoraji wa mafuta ni moja: safu ya chini iwe na mafuta machache, imezimuliwa kwa tapentaini, kila safu ya juu iongezewe mafuta kidogo. Ukiigeuza kanuni, safu ya juu hukauka mapema huku ya chini bado inajongea, na ngozi ya picha hupasuka kama tope la mtoni.

Inuse pia. Si kila kinachouzwa kwa jina la rangi ya mafuta ni hicho. Akriliki hukauka kabla chai yako haijapoa. Rangi ya kupakia milango hung'aa sawasawa kila mahali, kama sahani. Rangi ya mafuta iliyopakwa nene hubaki na harufu yake kwa majuma mengi, na vanishi ya mwisho husubiri miezi 6 hadi 12. Muuzaji akikuambia picha ilimalizika juma lililopita, nayo inameremeta, muulize kwa upole imepakwa nini. Rangi ya duka si dhambi. Kulipa bei ya mafuta bila kuyapata ndiyo hasara.

Rangi

Sisi wa Katanga tuna sababu ya kuwa wagumu kwenye rangi. Kijani cha malakiti, jiwe ambalo huku huchongwa mapambo, zamani wachoraji walilisaga: likiwa punje kubwa hutoa kijani kizito, likisagwa laini sana hupauka. Buluu ya kobalti ilitengenezwa Ufaransa na mkemia Thénard mwaka 1802. Leo zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, nasi tunaendelea kununua tyubu kutoka ng'ambo. Basi angalia buluu pale ilipochanganywa na nyeupe. Rangi nzuri hubaki hai hata ikififishwa. Ile iliyojazwa unga huwa kama chaki.

Mkono

Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana hapa, ikaitwa Le Hangar. Kati ya wachoraji wake, Bela alipaka rangi kwa vidole vyake. Mwenze Kibwanga alijenga miili kwa mistari myembamba inayofuatana. Pili Pili Mulongoy alichora samaki na ndege. Kwao utajifunza jaribio zuri: mfunike ndege wa Pili Pili kwa kiganja. Majani na nukta zinazobaki bado ni picha. Kwa mchoraji mvivu, ukimfunika ndege hubaki ukuta.

Usiogope mada iliyorudiwa. Mamba muntu, yule nguva, na Colonie belge, picha ya askari akimchapa mfungwa, zimechorwa na mikono mingi, na kurudia si kosa. Tazama mkono wa askari huyo: una uzito, au umening'inia tu kama nguo kwenye kamba? Hapo ndipo utajua kama fundi alikuwa akiona au alikuwa akinakili usingizini.

Ukumbusho

Hilo ndilo neno la hapa kwa picha inayostahili ukuta wa sebule. Mgeni anaketi, anainua macho, anauliza. Mwenye nyumba anaweka glasi chini na kuanza kusimulia habari za baba yake. Picha isiyoamsha kisa, hata ikiwa na buluu safi, ni pambo.

Lakini msimulizi naye ana siku zake. Akishaondoka, kisa kitabaki kimeshikiliwa na gundi, nyuzi na misumari minne ya pembeni. Ndiyo maana nilikuambia uipindue kwanza.