Meza Hii Ina Viti Vingapi?

Kuna swali moja ambalo haliishi mtandaoni: "What do you bring to the table?" Kila wikendi kuna mtu analianzisha upya. Wanaume wanawauliza wanawake, wanawake wanawarudishia wanaume, na kabla ya Jumatatu mtu keshajibu kwamba yeye mwenyewe ndiye hiyo meza. Siku hizi swali limevaa hata Kiswahili: "Unaleta nini mezani?" Tunacheka, tunaegemea upande, tunasonga. Lakini hebu tuweke mapenzi kando tuliangalie hilo neno lenyewe. Hiyo meza ni ya nani? Nani aliiweka hapo, na mbona yeye ameshakaa ilhali mwenzake amesimama mlangoni kama mtu aliyekuja intavyuu na bahasha ya vyeti?

Nauliza kwa sababu "table" ni mojawapo ya maneno yanayotumiwa kutuonyesha ati Kiingereza ni tajiri kupindukia. Bila shaka umewahi kusikia hayo madai, pengine kwa mwalimu, pengine kwa msee wa kupenda debate. Neno moja la nyumbani, na tazama linavyofanya kazi: fanicha ya kulia chakula, safu za namba katika kitabu cha hesabu, "timetable" ya shule, "times table" iliyokuchapisha darasa la tatu, "water table" ya jiografia, kitenzi cha Bungeni, na hongo inayopita "under the table". Kisha unaambiwa ufungue kamusi ya Kiswahili utafute "meza". Mistari michache tu. Basi, kesi imekwisha, Kiswahili ni maskini.

Mimi sikumaliza chuo, kwa hiyo kamusi nazisoma bila kuogopa mtihani, na naona hoja hiyo ina mashimo.

Tuanze kwao. "Table" lilitoka kwa Kilatini, "tabula", yaani ubao. Ubao wa kuandikia ukazaa orodha, hesabu za safu, na "tablet". Ubao wa kuwekea chakula ukawa meza. Kabla ya hapo Waingereza walikuwa na neno lao wenyewe la meza, "bord", ambalo leo ni "board". Hilo nalo halikufa. Kabati lako la vyombo ni "cupboard", yaani ubao wa vikombe, nasi tukalitafuna mpaka likawa kabati. "Boarding school" kwa asili yake inahusu kulishwa: ukiwa "boarder" wewe ni mtu anayekula katika meza ya wengine. Na "board of directors" ni wale watu waliokaa kuizunguka meza wakiamua mambo. Kwa hiyo aliyepanga foleni ya githeri na sahani ya plastiki, na mkurugenzi anayelipwa marupurupu ya kikao kwa sababu tu amekaa, wote wanahudumiwa na ubao mmoja. Tofauti yao ni upande wa meza waliopo.

Mpaka hapo nakubali, hiyo historia ni tamu. Lakini je, kurundika maana zote hizo juu ya neno moja ndio utajiri? Kiswahili kilifanya jambo tofauti. Cha kulia na kuandikia kikaitwa meza. Cha safu na namba kikaitwa jedwali, neno tulilolipata kwa Kiarabu. Mpangilio wa saa ni ratiba. Ile "tablet" ya dawa ni tembe. Cha darasani ni ubao. Mwanafunzi akiambiwa "chora jedwali" hashiki msumeno. Maneno matano yanafanya kazi ambayo Kiingereza kimeigawia familia moja ya neno. Sasa niambie, mwenye nguo tano na mwenye suti moja ya kwenda nayo harusini, matangani na shambani, nani tajiri?

Tena suti hiyo moja imewahi kuwaaibisha wenyewe. Uingereza, "to table" jambo ni kulileta lijadiliwe. Marekani ni kinyume kabisa, ni kuliweka kando lisijadiliwe sasa. Winston Churchill, katika juzuu ya tatu ya kumbukumbu zake za Vita vya Pili vya Dunia, anasimulia jinsi maofisa wa nchi hizo mbili walivyobishana muda mrefu na kwa uchungu kuhusu waraka mmoja. Waingereza walitaka uwe "tabled" kwa sababu ni wa haraka. Wamarekani wakakataa katakata, kwa sababu na wao waliuona ni wa haraka. Walikuwa wanataka kitu kimoja. Dunia inawaka moto, na wakubwa wanagombana kwa sababu ya fanicha.

Shimo la pili ni kubwa zaidi. Ile mistari michache ya kamusi haituambii watu wanafanya nini na meza. Inatuambia waandishi wa kamusi waliishia wapi. Neno lenyewe ni la Kireno, "mesa", na lilifika Pwani pamoja na wenzake wa nyumbani: kasha, foronya, leso. Kabla ya hapo chakula kilikuwa na mpango wake, sinia katikati na watu kuzunguka mkeka, na mpaka leo nyumba nyingi za Pwani pilau ya wageni huliwa hivyo hivyo. Sinia haina kichwa wala mkia. Meza inayo, na ndiyo maana harusi zetu zina "meza kuu", ile yenye maua na maji ya chupa, huku sisi wa hema la nyuma tukiomba wali usiishe.

Halafu likatokea sadfa ambalo halimo kwenye Kiingereza. Sisi tulikuwa tayari na kitenzi chetu cha Kibantu, kumeza. Meza ya Kireno ikakaa juu ya meza ya Kibantu, sauti ile ile, asili mbalimbali. Mtu anamezea mate cha mwenzake. Anayeonewa anaambiwa "we mezea tu", yaani vumilia, funga mdomo. Asiyetupenda anaambiwa ameze wembe. Sisemi babu zetu walipanga hivyo. Nasema mtu anayezungumza Kiswahili hawezi kusikia "mezani" bila pembe moja ya sikio kusikia kumezwa.

Toka nje ya nyumba sasa. Mtaani, meza ni biashara. "Ana meza pale stage" haina maana kwamba mtu ana fanicha. Maana yake ana nyanya, vitunguu na sukuma, ana wateja wanaokopa mpaka mwisho wa mwezi, na karo ya shule inatoka hapo. Ndio maana naona uchungu fulani nikisikia watangazaji wa mpira wakisema timu "imepindua meza". Msemo huo ni tafsiri ya Kiingereza, "turn the tables", na huko ulitoka kwenye mchezo wa kale wa kete uliojulikana kwa jina hilo hilo la "tables", ambapo ukigeuza ubao unachukua nafasi ya mpinzani wako. Kwao ni raha ya kurudi mchezoni dakika ya tisini. Kwetu, aliyewahi kuona kanjo wakishuka kwenye gari anajua kupindua meza ni nini: nyanya zinabingirika barabarani na mama anakimbia na mtoto mgongoni. Tumeazima ushindi wa watu tukaupa jina la hasara yetu.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Sina shida na kuazima, lugha isiyoazima imekufa. Shida ni kwamba msemo hauji peke yake, unakuja na mpangilio wake wa viti. "Chini ya meza" kwa maana ya hongo unamfikiria afisa aliyekaa ofisini, na wewe mbele yake. Wahenga wetu walishasema penye udhia penyeza rupia, na hapo anayeonekana ni mtu mwenye udhia, anayetafuta upenyo. Picha ya kwanza inamficha mpokeaji nyuma ya mbao, ya pili inatuonyesha anayesumbuliwa. "Unaleta nini mezani?" nayo inachukulia kwamba mapenzi yana mwenye nyumba na mwombaji. Ukikubali swali lilivyo, umeshakubali kusimama.

Kama unadhani nacheza na maneno tu, kumbuka mwaka 2024. Bungeni kwetu tunafuata Uingereza, kwa hiyo mswada "ukiwekwa mezani" umewasilishwa rasmi. Mswada wa Fedha wa mwaka huo uliwekwa mezani ukiwa umebeba pendekezo la kutoza mkate wa kawaida ushuru wa VAT wa asilimia 16. Angalia hizo meza mbili. Moja iko Bungeni, ina karatasi. Nyingine iko kejani kwako, ina chai na slesi tatu za mkate. Kilichowekwa juu ya ile ya kwanza kilikuwa kinakuja kuondoa kitu juu ya hii ya pili, na kiliandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria ambacho wanunuzi wengi wa mkate hawawezi kukipita aya moja.

Katiba ya 2010 haina utata hapa. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge liendeshe shughuli zake kwa uwazi na kuwashirikisha wananchi. Kifungu cha 120 kinasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kwenye karatasi meza ni yetu sote. Kilichotokea ni kwamba vijana, bila posho ya kikao, waliuchukua ule mswada wakautafsiri na kuueleza kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za nyumbani, kwenye video za dakika mbili tatu. Ushuru wa mkate ukaondolewa kabla ya kura ya mwisho, lakini mswada ukapitishwa Juni 25. Siku hiyo waandamanaji wakaingia Bungeni, na wengine wakapigwa risasi wakafa. Kesho yake Rais akasema hatatia sahihi. Watu wameandika mengi kuhusu siku hiyo. Mimi naongeza hili moja tu: ilianza kama kazi ya tafsiri. Walioambiwa wamezee waliuliza kwanza neno hili maana yake nini.

Na tuna maneno ya kutusaidia kuuliza. Waingereza huita kundi la mawaziri "cabinet", neno lililomaanisha chumba kidogo cha faragha kabla ya kuwa sanduku la vyombo. Sisi tunasema Baraza la Mawaziri. Baraza ni ile sehemu ya kukaa mbele ya nyumba, kama zile za mawe utakazoziona Lamu, ambapo jirani anaketi bila kupiga hodi na mpita njia anasalimia na kuchangia hoja. Kiingereza kiliificha serikali chumbani, Kiswahili kikaitoa nje mlangoni. Kwamba Baraza letu nalo hukutana nyuma ya milango iliyofungwa si kosa la neno. Neno linatukumbusha tu ahadi.

Tena si kweli kwamba sisi ni watu wa kupokea maana tu. "Table banking" unaijua, kama si wewe basi mamako. Wanachama wanakutana, kila mmoja anaweka akiba yake mezani, madeni yanarudishwa hapo hapo na riba, wa kuchelewa analipa faini, pesa zinahesabiwa mbele ya macho ya wote, na mwenye haja anakopa kabla kikao hakijaisha. Hakuna fomu za kurasa kumi, hakuna kusubiri simu. Maneno yote mawili ni ya Kiingereza, lakini maana ilikomazwa na wanawake wa vyama vyetu, na kwangu ndiyo maana bora kuliko zote ambazo "table" imewahi kupewa. Hapo hakuna anayeulizwa kwa dharau analeta nini mezani. Kila mtu ameleta, imeandikwa kwenye daftari, na kesho wewe ndiwe utakayekopa.

Kwa hiyo tuache kuhesabu maana kama mabao. Neno halithaminiwi kwa idadi ya mistari yake kwenye kamusi, linathaminiwa kwa kazi linalowafanyia watu wanaolitumia. Wanaotunga kamusi zetu wana deni la kwenda stage, kwenye chama, kwenye hema la nyuma la harusi, wakasikilize. Na wakirudi kuandika upya "meza", naomba wasianze na ile ya kulia chakula sebuleni. Waanze na ile ya nyanya pale stage. Hiyo ndiyo inayolisha hizo nyingine.